Shemeji Tuseme na Ubao wa Kanuni Nne

Mume wa dada yangu ni mtu mwema. Nalisema mapema kwa sababu mkifika katikati ya habari hii mtataka kumzaba kofi, na mimi mwenyewe nilishakunja mkono nikaukunjua mara kadhaa. Halewi, hapigi mtu, hapayuki, na akiazima mwavuli anaurudisha ukiwa mkavu. Kosa lake ni moja tu: anataka kila jambo liwe na msingi, msingi uwe na mpangilio, na mpangilio uandikwe mahali watu wote watauona.

Mtaani wanamwita Mwalimu Tuseme. Alifundisha hisabati miaka thelathini na miwili katika shule ile ile, chumba kile kile, na kila somo alilianza na neno hilo. Tuseme kuna nukta mbili. Tuseme mistari hii haikutani. Ulimi ulizoea, akawa analitumia hata akitoka nje ya darasa. Siku moja alisimama mbele ya muuza nyanya akasema, "Tuseme nataka nyanya sita." Yule mama akamjibu, "Mwalimu, usiseme. Nunua."

Kila mwaka, siku ya kwanza, aliwatoa jasho wanafunzi wapya kwa swali moja. Nukta ni nini? Mtoto mmoja angesema ni alama ndogo. Alama ni nini? Ni kitu unachokiona. Nukta ina upana? Ikiwa ina upana si nukta, ni duara dogo. Ikiwa haina upana, umeionaje? Saa nzima watoto arobaini walipigwa chenga na alama ya chaki. Kengele ikikaribia kulia, ndipo Shemeji anapanua kifua na kuwapa siri yake: hata yeye hawezi kusema nukta ni nini. Neno hufafanuliwa kwa neno lingine, hilo lingine kwa lingine tena, na mwisho wake ama unazunguka ukarudi ulikoanzia, ama unakwenda bila kufika. Kwa hiyo mtu mwenye akili huchagua maneno machache akayaacha bila kuyafafanua. Kisha anaweka kanuni chache za kusema maneno hayo yanahusianaje, kanuni ambazo zinakubaliwa tu, bila uthibitisho. Mengine yote lazima yathibitishwe kutokana na hizo chache. Watu wa vitabu huziita aksiomu. Shemeji alizitamka kama mtu anayetaja watoto wake.

Mimi ni fundi cherehani. Naweka nukta ya chaki kwenye kitambaa, naweka nyingine, nalaza rula, napiga mstari, nakata. Alinikuta nafanya hivyo, akaniangalia kwa huruma, akasema, "Shemeji, hiyo si nukta. Hiyo ni chaki."

Nikamwambia, "Na hii si suruali. Ni kitambaa chenye njia mbili za miguu. Utaichukua au huitaki?"

Ilikuwa suruali yake. Aliichukua.

Tena alikuwa na kitabu, cha kuwafundisha watoto misingi ya jiometri. Alikianza miaka kumi na moja iliyopita, na mpaka leo hii kina ukurasa mmoja. Dada, ambaye ni karani wa posta, ameupiga chapa ukurasa huo mara nyingi mpaka anaujua kwa moyo. Sentensi ya kwanza inasema, "Katika kitabu hiki hatutafafanua nukta." Wiki moja baadaye mwandishi alikata neno "kitabu" kwa wino mwekundu, kwa sababu kitabu nacho ni nini?

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana bila hili hamtajua kwa nini nilikasirika. Alipotokea nyumbani kwetu mara ya kwanza alikuwa kijana mwenye cheti cha ualimu na mashati mawili, anasubiri kupangiwa shule. Alikuja kwa siku tatu, kama rafiki wa rafiki wa mjomba. Alikaa miezi minane. Marehemu baba alimuuliza mama, "Huyu kijana hapa anafanya nini hasa?" Mama, bila kuinua macho kwenye mshono wake, akajibu, "Anakula. Kwani hujamwona?" Na maneno yakaishia hapo. Hakuna aliyemuuliza ana faida gani. Mama alimfulia mashati yale mawili kwa zamu, moja likiwa mwilini jingine likiwa kwenye kamba.

Miaka kumi baadaye, alipotaka kumuoa dada, mjomba alimweka kiti moto: kwa nini unamtaka huyu? Akajibu, "Hilo sina uthibitisho wake. Naliweka kuwa la msingi." Mjomba alidhani ametukanwa akasimama kutaka kuondoka. Mama alicheka mpaka akadondosha sindano, akasema huyu ndiye, mpeni.

Basi alioa, wakapata binti mmoja. Huyo binti, tangu alipojua kuunganisha maneno, hakuacha kuuliza kwa nini, na jina la Kwanini likamganda. Hivi sasa ana miaka kumi na saba, na dada yangu anaitwa Mama Kwanini hata na mkuu wake wa kazi.

Mambo yaliharibika Shemeji alipostaafu. Wenzake walipewa saa za ukutani. Yeye, alipoulizwa anataka zawadi gani, aliomba ubao mweusi wa darasa lake. Walimpa, na nadhani walifurahi kuuondoa. Aliutundika sebuleni, mkabala na meza ya kulia, mahali palipokuwa na picha ya harusi yao. Picha ilihamishiwa kwenye ujia, karibu na mita ya umeme.

Kwenye ubao huo aliandika kanuni za nyumba. Alizifanyia kazi majuma sita, akifuta na kuandika, akila huku anaangalia ukutani. Zilipokamilika zilikuwa nne, kwa mwandiko mzuri sana, sikatai:

Kanuni ya Kwanza: Watu wawili wowote wa nyumba hii wana mlo mmoja kwa siku wanaokula pamoja.

Kanuni ya Pili: Hakuna mtu wa nyumba hii anayelala nje bila kuaga.

Kanuni ya Tatu: Kila mtu wa nyumba hii ana kazi yake, na kazi hiyo inamfaa mtu mwingine wa nyumba hii.

Kanuni ya Nne: Jambo lisilotokana na kanuni tatu za kwanza halina nguvu humu ndani.

Dada alizisoma akiwa amesimama na sufuria mkononi. "Baba Kwanini, mtu wa nyumba hii ndiyo nani?"

Uso wa Shemeji uling'aa. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, na mkewe ameuliza swali alilokuwa analingoja. "Hatumfafanui!" alisema. "Ni neno la msingi. Mtu wa nyumba ni yeyote yule anayetimiza hizi kanuni. Basi."

"Yaani mimi ni yeyote yule."

"Ukitimiza."

Dada akarudi jikoni na sufuria lake.

Kwanini, aliyekuwa anachungulia dirishani, aliuliza kama anaweza kusoma zile kanuni upya, lakini kila palipo na "mtu wa nyumba hii" aweke "kuku wa banda letu". Wana kuku wanne, na yeye ndiye anayewatunza. Shemeji alimruhusu. Binti akaanza. Kuku wawili wowote wana mlo wanaokula pamoja: kweli, anawamwagia asubuhi mara moja. Hakuna kuku anayelala nje bila kuaga: kweli, hakuna anayelala nje kabisa, mlango una komeo. Kila kuku ana kazi inayomfaa mwenzake: mweusi anataga, wa madoa anaatamia mayai ya mweusi, mwekundu anachakura wenzake wanafuata nyuma wanaokota, na jogoo anawaamsha. Kanuni zote zimetimia.

Baba mwingine angeshika fimbo. Huyu alipiga makofi. Alimpa alama tisa kwa kumi, akamweleza kwamba huo ndio uzuri wenyewe, kanuni nzuri hazijali unazungumza kuhusu nani, ukiweka nukta sawa, ukiweka kuku sawa. Dada alikuja kwangu kesho yake kupunguziwa pindo la sketi, akaniambia, "Mdogo wangu, nimeolewa na mtu anayefurahi kwamba hakuna tofauti kati yangu na kuku mwekundu." Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Wakati ule ilikuwa bado inachekesha.

Ubao ukaanza kutawala. Dada alitaka mapazia mapya. Mapazia yanatokana na kanuni ipi? Hayatokani. Dirisha likabaki na shuka kuukuu. Kwanini alitaka kwenda kwa rafiki yake kusoma, je, ataaga? Ataaga, basi hakuna pingamizi, nenda hata mwezi. Huwezi kusema alikuwa mkali, maana mtu mkali ungejua pa kumshikia. Shemeji hakukataa jambo wala hakukubali. Aliangalia ukutani tu, na ukuta ndio uliojibu.

Halafu mama akaungua.

Alikuwa anaishi peke yake katika nyumba yetu ya zamani, safari ya saa mbili kwa basi. Macho yalikuwa yamemwisha pole pole kwa miaka mitatu, na kila tukimwambia ahame anasema anaijua nyumba yake kwa vidole. Asubuhi moja vidole vilikosea, alishika jiko badala ya sufuria. Jirani alitupigia simu. Nilimleta kwangu na kiganja kimefungwa bendeji, kwa sababu dada alikuwa kazini na mimi ndiye ninayeweza kufunga mlango wangu nikaenda.

Kwangu ni chumba kimoja chenye mlango unaofunguka barabarani. Humo humo kuna kitanda, vyerehani viwili, meza ya pasi, sanamu la mbao la kupimia nguo, lisilo na kichwa, na waya wa kutundikia nguo za wateja. Mama nilimpa kitanda, mimi nikalala chini ya meza ya pasi. Siku ya kwanza aligonga muundi wa mguu kwenye pedeli ya cherehani. Siku ya pili aligonga pale pale. Siku ya tatu alimwomba radhi sanamu la mbao akidhani amemkanyaga mteja. Nilitoka nje nikalia.

Nyumba ya Shemeji ina chumba cha nyuma. Kilikuwa kimejaa karatasi za mitihani za miaka thelathini na miwili, zimefungwa kwa kamba mwaka kwa mwaka. Dada alikata shauri kuomba chumba hicho kwa ajili ya mama, akanialika chakula cha mchana Jumapili ili niwepo.

Tulikula. Dada aliweka kijiko chini. "Baba Kwanini, nataka mama aje akae na sisi. Chumba cha nyuma kinatosha."

Shemeji hakukunja uso. Nasema haki yake: hakuna ubaya wowote uliopita usoni mwake. Alifikiri, akainuka, akachukua chaki.

"Tuangalie kama inatoka," alisema. "Tuseme mama ni mtu wa nyumba hii." Akaandika. "Kwa Kanuni ya Tatu, mama ana kazi inayomfaa mtu mwingine wa nyumba hii. Lakini mama haoni, na mkono mmoja umeungua. Kwa hiyo mama hana kazi. Ana kazi, na hana kazi. Huo ni mgongano." Alichora alama ya mgongano, vijiti viwili vinavyopishana. "Kwa hiyo tulichosema mwanzoni si kweli. Mama si mtu wa nyumba hii." Akaandika "Imethibitishwa" na kupiga mistari miwili chini yake, kwa rula.

Kisha akakaa akaendelea kula. Mtu yule alidhani ametusaidia.

Nilisimama. Nilikuwa na maneno mdomoni, mengine sijawahi kuyatumia hata na mteja aliyenirudishia gauni la harusi likiwa limeshavaliwa. Miezi minane! Mashati mawili! Dada aliniangalia, jicho moja tu, nikakaa. Naye alikuwa ametulia kabisa, anakunja nguo zilizotoka kwenye kamba, mkono kwa mkono, kola kwa kola. Jinsi alivyotulia ndiyo iliyonitisha.

Kwanini akasema, "Baba, naomba chaki."

Akampa. Hajawahi kumnyima mtu chaki.

"Tuseme baba ni mtu wa nyumba hii," binti alisema, na akaandika chini ya uthibitisho wa bibi yake. "Kwa Kanuni ya Tatu, baba ana kazi inayomfaa mtu mwingine wa nyumba hii. Wengine ni mama na mimi. Mama anapika, anakwenda posta, anarudi anapika. Mimi nafua na natunza kuku. Baba, kazi yako ni ipi?"

"Mimi?" Shemeji alitabasamu. "Natunza kanuni."

"Inamfaa nani?"

"Inawafaa nyinyi."

"Basi tuwaulize." Akageuka. "Mama, inakufaa?"

Dada alimaliza kukunja shati, akaliweka juu ya mengine. Lilikuwa shati la Shemeji. "Hapana, mwanangu," alisema.

"Na mimi hainifai. Kwa hiyo baba ana kazi inayomfaa mwingine, na hana." Akachora vijiti viwili vinavyopishana. "Baba si mtu wa nyumba hii."

Shemeji alikwenda ubaoni. Alisoma mstari wa kwanza midomo ikicheza, akasoma wa pili, akarudi wa kwanza, akitafuta kosa kama anavyotafuta miwani yake asubuhi. Hakulipata. Nikadhani atafuta. Wallahi, angefuta, au angepiga kelele, au angesema huyu mtoto hana adabu, ningemwelewa. Alichukua chaki nyekundu akaongeza neno moja aliloona limepungua, halafu pembeni akapiga alama ya vema.

"Sahihi kabisa," alisema. "Hakuna kosa."

Ilichukua muda, labda wa kumeza matonge mawili, ndipo mkono wenye chaki ukashuka. "Kwa hiyo mimi..."

"Ndiyo, baba," alisema Kwanini, na sauti yake haikuwa ya ushindi tena.

Dada alisimama. "Mama yangu ameshindwa kuwa mtu wa nyumba hii. Mume wangu naye ameshindwa. Karatasi za mitihani za watoto ambao sasa wana wajukuu, hizo ndizo zenye chumba." Alizungumza polepole, kama anavyomweleza mtu kwenye dirisha la posta kwamba barua yake haijafika. "Mimi nakwenda aliko mama. Kwanini, chukua nguo zako za shule. Baba Kwanini, naaga. Ni kanuni ya pili."

Naye Kwanini akasema, "Naaga, baba."

Akawajibu, "Haya," kwa sababu hakukuwa na kanuni nyingine ya kumsaidia kujibu.

Hivyo tukawa wanawake wanne katika chumba changu. Sitasema ilikuwa raha. Mama na dada kitandani, mimi na Kwanini chini ya meza ya pasi, na asubuhi kila mtu akitafuta kiatu chake miguuni mwa mwenzake. Tena nilikuwa na kazi ya haraka, mashati mia mbili ya sare ya shule, na vifungo saba kila shati.

Siku ya kwanza mama alinyoosha mkono wake mzima akashika shati nililolimaliza. Akapitisha kidole kwenye mshono wa bega. "Hili umelishona ukiwa na njaa," alisema. "Hapa uzi umevutika." Niliangalia. Ulikuwa umevutika. Akaomba sindano. Nilimwambia apumzike, akaniuliza apumzike kutokana na nini. Basi tukapanga hivi: kabla ya kwenda shule Kwanini anatia uzi kwenye sindano ishirini na kuzichomeka kwa mstari kwenye kimto, mama anachukua moja moja, anashikilia kitambaa kwa vidole vinavyotoka kwenye bendeji, anapapasa tundu, anashona kifungo. Alifundishwa kushona kabla sijazaliwa, na mimi nilifundishwa na yeye. Mtu aliyesimama mbele ya ubao wake akathibitisha kwamba mama hana kazi hakuwa amemuuliza hata swali moja.

Kila alasiri Kwanini alipitia kule kuwapa kuku chakula. Siku ya kwanza alisema baba yupo mbele ya ubao. Siku ya pili, yupo mbele ya ubao. Siku ya tatu alirudi amechelewa, akakaa juu ya rundo la mashati bila kuuliza kama yamepigwa pasi.

Alimkuta baba yake amesimama, anakula mkate mkavu kwa mkono mmoja. Kwa mkono mwingine alikuwa anaonyesha kanuni. "Zote zimetimia," alimwambia binti yake. "Nimepitia mara tano. Nionyeshe watu wawili wa nyumba hii waliokosa kula pamoja: hawapo. Nionyeshe aliyelala nje bila kuaga: hayupo. Nionyeshe mtu asiye na kazi: hayupo. Nyumba haina mtu, Kwanini, na hakuna kanuni iliyovunjwa. Nilisahau moja. Nimewafundisha watoto miaka thelathini na miwili, na nimesahau ile ambayo hata mwanafunzi mvivu haisahau. Hakuna mahali nilipoandika kwamba mtu yupo."

Kwanini alimjibu kwamba hata banda la kuku limetimiza kanuni zote, na angalau wao wako wanne. Alijutia maneno hayo kabla hajayamaliza, maana baba yake alikaa kwenye kiti cha dada yangu, mkate mkononi, akawa anaangalia ule mlango wa jikoni.

Nilimhurumia, nakiri. Kidogo. Dada alichukua pasi akapiga kola moja mara tatu.

Siku ya nne, jioni, tulisikia kicheko cha watu kikija barabarani kuelekea kwetu. Nilichungulia. Alikuwa Shemeji, na ubao mweusi mzima kichwani, ameushika kwa mikono miwili, jasho na vumbi la chaki vinamtiririka shingoni. Muuza nyanya alimpigia kelele, "Mwalimu! Tuseme unahama?" Alikuja mpaka mlangoni, akaushusha, akauegemeza kwenye ukuta wa nje, watu wote wakausoma kabla yetu.

Kanuni nne hazikuwepo. Ubao ulikuwa umeoshwa kwa maji, na katikati palikuwa na mstari mmoja: Kanuni ya Kwanza: Mama ni mtu wa nyumba hii.

Kwanini alitoka akausoma. Damu haipotei. "Inatokana na nini?"

"Haitokani na kitu," alisema Shemeji. "Ni ya msingi."

"Uthibitisho wake?"

"Hauna. Unaanzia hapo." Alijifuta uso kwa kiganja, akajipaka chaki zaidi. "Mimi alinipokea nina mashati mawili. Hakuniomba uthibitisho. Ningeanzia hapo, ningekuwa nimemaliza siku ile ile."

Dada alisema kutoka ndani, bila kuacha pasi, "Na chumba?"

"Kitupu. Karatasi nimempa muuza karanga wa kituoni, anafungia." Jambo hili ni kweli. Mpaka leo ukinunua karanga pale unapata na pembetatu iliyosahihishwa kwa wino mwekundu.

Mama aliinua kichwa, sindano mkononi. "Nani anaongea mlangoni?"

"Mkwe wako, mama," nilisema.

"Shikamoo, mama," alisema Shemeji.

"Marahaba, mwanangu. Unataka nini?"

"Nimekuja kukuchukua, mama. Twende nyumbani."

Mama alipapasa shati lililokuwa mapajani, akapata tundu la kifungo cha tano. "Sasa hivi haiwezekani," alisema. "Nina kazi."

Nilikwenda kucheka nyuma ya sanamu la mbao. Hakusema kwa kejeli, na ndiyo maana nilishindwa kujizuia. Hakuna aliyewahi kumsimulia yale yaliyoandikwa ubaoni Jumapili ile. Tuliapa hakuna atakayemwambia. Lakini Shemeji aliyajua, na yalimwingia mpaka nikaona mabega yakishuka.

"Yamebaki mashati sitini," mama aliendelea. "Ukitaka nimalize mapema, ingia usaidie. Humu kila mtu ana kazi yake. Wewe, kaa hapo chini. Mpeni kopo la vifungo, atenge vikubwa na vidogo."

Shemeji aliinama chini ya waya wa nguo za wateja, akakaa sakafuni kati ya vyerehani viwili. Nilimwekea kopo mbele yake na sahani mbili. Aliangalia ndani. Vilikuwa vifungo mia kadhaa, vyeupe, vimechanganyika, vingi vikikaribiana ukubwa. Akainua kichwa akafungua mdomo.

Sote tulijua swali linalokuja. Kwanini aliacha kupumua. Dada aliacha pasi juu ya kola, nikasikia kitambaa kinaanza kutoa harufu. Kifungo kikubwa ni kipi? Kikubwa kwa nini, kuliko kipi, kwa kipimo gani?

Mama alinyoosha mkono wake wenye bendeji akisubiri kifungo.

Shemeji alifunga mdomo, akaingiza mkono kwenye kopo, akampa kimoja.